Gharama na Bei

Mwaka 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza simu janja iitwayo iPhone X kwa dola 999. Wachunguzi wa kampuni ya IHS Markit waliifungua, wakahesabu vipande vilivyokuwa ndani yake, wakakadiria kuwa vyote pamoja viligharimu dola 370 hivi. Wako wasomao hesabu kama hizi wakasema kuwa mnunuzi ameibiwa. Shtaka hilo ni zito, wala halifai kukubaliwa au kukataliwa kabla ya kupimwa.

Kosa la washtaki ni kuhesabu vinavyoonekana na kusahau visivyoonekana. Jahazi si mbao na misumari tu. Ndani yake mna ujuzi wa fundi. Vivyo hivyo simu ina kioo, betri na kamera, lakini ina pia kazi ya wahandisi waliofikiri kwa miaka mingi, programu zinazoiendesha, ada za kutumia uvumbuzi wa watu wengine, usafirishaji, matangazo, na fungu la mwenye duka. Mambo hayo hayafunguliwi kwa bisibisi.

Hata hivyo, utetezi huu nao una mpaka wake. iPhone ya kwanza ilipoingia madukani Juni 2007, ile yenye nafasi kubwa iliuzwa kwa dola 599. Septemba mwaka huo huo bei ilishushwa hadi dola 399. Je, ujuzi wa wahandisi ulipungua kwa dola 200 katika muda mfupi kama huo? La, hasha. Kilichobadilika ni hesabu ya muuzaji juu ya kile ambacho wanunuzi wangekubali kutoa. Waliotangulia kununua walinung'unika, na kampuni ikawapa hati za dola 100 za kununulia bidhaa zake. Basi gharama humwonyesha muuzaji mahali asipoweza kushuka. Hamu ya mnunuzi humwonyesha mahali awezapo kupanda.

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Simu hizi ni nzuri, lakini hutembezwa usiku na mchana, ili hamu hiyo isilale.

Lakini liko swali kubwa kuliko hilo, nalo ni la mgawanyo. Wataalamu watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walioichunguza iPhone ya mwaka 2010 walikadiria kuwa katika kila dola 100 za bei yake, zaidi ya 58 zilibaki kwa kampuni kuwa faida, na chini ya 2 zilikuwa ujira wa wafanyakazi wa China. Hapo ndipo lawama inapopata mahali pa kusimama. Mnunuzi aliyeona bei ni kali aweza kuiacha simu dukani akaenda zake. Mfanyakazi aliyeona ujira ni mdogo hawezi kuliacha tumbo lake nyumbani. Kwa hiyo atakaye kuihukumu bei kwa haki asiulize tu mnunuzi ametoa nini. Na aulize pia kila aliyeitengeneza amepewa nini.