Mchoraji Kijana na Vitu vya Kale

Msomaji mwema, labda nyumbani kwenu liko sanduku la bibi ambalo halifunguliwi ila kwa siku maalumu. Ndani yake mna leso ambazo aliyezitoa zawadi amekwisha fariki, picha za watu waliosimama wima kama askari mbele ya pazia la mpiga picha, birika la bati lililobanduka rangi mdomoni, na pengine santuri mbili tatu ambazo hapana tena chombo cha kuzipigia. Mbele ya sanduku kama hilo vijana hugawanyika. Wako waonao haya, wakatamani litupwe. Na wako, tena siku hizi si haba, wavipendao vitu hivyo kwa kuwa vimerudi kuwa mtindo: huvaa gauni la kale wakapigwa picha, kisha gauni likarudi sandukuni bila ya kuulizwa lilishonwa na nani. Katika insha hii nataka kukuonyesha binti mmoja aliyevipenda vitu vya kale kwa namna nyingine. Namna yake naiona bora, ingawa sikubaliani naye kila mahali.

Jina lake ni Njideka Akunyili Crosby. Alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Enugu, Nigeria, akaenda Marekani mwaka 1999 akiwa msichana wa miaka 16. Huko alisoma elimu ya viumbe pamoja na sanaa, na mwaka 2011 akamaliza masomo ya juu ya uchoraji katika Chuo Kikuu cha Yale. Tangu miaka ile ndipo alipoanza kujulikana kwa picha za vyumba, aghalabu zimechorwa juu ya karatasi kubwa zipitazo kimo cha mtu. Ndani ya vyumba hivyo watu wa jamaa yake wamekaa, wanakula, wanakumbatiana, au wamezama katika mawazo.

Ukizitazama kwa mbali utadhani ni vyumba tu. Sogea karibu. Ukuta uliodhani umepakwa rangi umejaa nyuso za watu; sakafu nayo imejaa nyuso; hata mkono wa mtu huweza kuwa na watu ndani yake. Mchoraji hukusanya picha za zamani: za nyumbani kwao, za magazeti ya Nigeria, za wanasiasa, za waimbaji, za wanawake waliovaa mitindo ya siku zao. Huzitoa nakala, akailaza nakala kifudifudi juu ya karatasi, akaipaka dawa ya kuyeyusha wino, akaisugua mgongoni mpaka wino ukahama. Picha inayobaki imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, tena imefifia kidogo, kama sura ionekanayo katika maji ya mtungi.

Sikubahatika kusimama mbele ya picha hizi. Nimeziona katika vitabu. Lakini nilipoziona mara ya kwanza nilizikumbuka zile nyumba za udongo ambazo kuta zake zilibandikwa magazeti ya zamani kuzuia vumbi. Mtoto aliyelala humo alijisomea habari za mpira uliochezwa kabla hajazaliwa, akamjua waziri aliyekwisha toka kazini, akaona tangazo la sabuni isiyouzwa tena. Hakuna aliyemwambia kwamba anasoma historia. Alikuwa amelala chali tu, akingoja usingizi. Ndivyo vitu vya kale viingiavyo katika picha za Njideka: havikuwekwa juu ya kabati ili visifiwe, bali watu wanaishi ndani yake.

Chukua mfano wa picha ya mwaka 2013 aliyoiita Tea Time in New Haven, Enugu. Ni picha ya meza ya chai. Wageni watokao Marekani, wasikiapo New Haven, hufikiri mara moja mji kilipo Chuo cha Yale. Lakini mtaa wa New Haven uko Enugu vile vile. Jina moja limekaa mahali pawili, na chai yenyewe, desturi iliyoletwa Nigeria na watawala wa Kiingereza, imekwisha kuwa ya wenyeji kiasi kwamba mama wa Enugu angeshangaa kuambiwa si yake. Wewe uliyekunywa chai ya maziwa asubuhi ya leo huhitaji maelezo zaidi.

Nguo nazo zina habari ya kustaajabisha. Wengi husifu vitenge vya Afrika Magharibi kuwa ni Uafrika mtupu. Lakini kiwanda mashuhuri cha nguo hizo, Vlisco, kilianzishwa mwaka 1846 huko Helmond, Uholanzi, na mtindo wake uliigwa kutoka batiki za Java. Wala sisi tusicheke. Neno leso lenyewe tulilipata kwa Wareno, na kwa miaka mingi leso za pwani yetu zilipigwa chapa Ulaya, India na Japani. Ziliifanya kuwa yetu bibi zetu waliochagua rangi na maneno, wakazifunga, wakabebea watoto, wakapelekeana mafumbo. Njideka anajua jambo hili. Hajidai kwamba yaliyopita yalikuwa safi yasiyochanganyika. Huyatwaa pamoja na mchanganyiko wake, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa ustadi wa mkono wake.

Ila nina lawama moja. Katika picha nyingine nyuso zimesongamana mno hata hapana uso mmoja upatao haki yake. Mwimbaji, jenerali na bibi harusi wote huwa maua ya ukutani. Mtazamaji wa Nigeria huenda akawatambua mmoja mmoja akacheka au akaugua; mtazamaji wa mbali huona nakshi nzuri, akapita. Mchoraji aweza kujibu kwamba hayo ni makosa ya mtazamaji. Sehemu ni kweli, lakini si yote.

Lawama hiyo haiigusi kazi yake ya mwaka 2018 iliyobandikwa katika kituo cha treni cha Brixton, London, iitwayo Remain, Thriving. Humo wajukuu wa watu waliotoka visiwa vya Karibi, wale walioanza kufika kwa meli Empire Windrush mwaka 1948, wamekusanyika katika chumba cha samani za zamani. Kwenye televisheni mna habari za mwaka ule ule wa 2018, ilipofichuka kwamba baadhi ya wazee wale walinyimwa haki zao na serikali ya Uingereza kana kwamba hawakuwa wenyeji. Ghafla samani zile si mapambo tena. Zimekuwa ushahidi kwamba watu hawa walikuwapo.

Nimeiacha nyuma picha niipendayo kuliko zote, Dwell: Aso Ebi, ya mwaka 2017. Aso ebi ni maneno ya Kiyoruba. Ni nguo ya sare wavaayo jamaa katika sherehe. Nigeria hupigwa chapa pia nguo zenye sura ya mtu, kwa harusi, kwa maziko, au kwa uchaguzi. Leso ya kwetu husema kwa maneno. Nguo hiyo husema kwa uso. Mama yake mchoraji, Dora Akunyili, alikuwa mfamasia aliyesifika kwa kupiga vita dawa za bandia nchini mwake. Mwaka 2011 aligombea kiti cha Seneti, na nguo zenye sura yake zikatolewa. Hakukipata kiti. Mwaka 2014 akafariki.

Katika picha hiyo mwanamke amekaa chumbani, na ukuta nyuma yake umevikwa nguo yenye uso wa mama, uso ule ule umerudiwa tena na tena. Ukiipata nakala yake, usianze na mwanamke aliyekaa. Anza na ukuta. Zihesabu zile nyuso mpaka uchoke, ndipo umtazame binti, uone kwamba yeye ameupa mgongo.