Kusoma Peponi kwenye chumba cha nyuma

Mwaka 2022, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilipotoka, kazi ya Ida Hadjivayanis, niliimaliza kwa siku tatu nikawaambia rafiki zangu kwamba sura ya kwanza inachelewa, na kwamba ile bustani ya Aziz imerembwa mno, inanukia kama kipeperushi cha utalii. Nikajiona nimesema neno. Mwisho wa mwaka jana nimelala siku tatu kwenye hoteli ya kifahari Mji Mkongwe, Unguja, na kitabu kile kile mkononi. Nimekuja kuyafuta maneno yangu.

Hoteli siitaji. Ni mojawapo ya zile nyumba za matajiri wa zamani zilizogeuzwa hoteli: mlango wa kuchonga, kuta nene, ua wa katikati wenye kidimbwi na miti ya ndimu. Tulifika tarehe 30 Desemba, mimi na mke wangu, baada ya kudunduliza miezi minane. Wiki ile Unguja ilikuwa imejaa hadi pomoni. Chumba tulicholipia, kinachotazama bustani, walikuwa wameshapewa watu wengine. Dada wa mapokezi alituomba radhi, akatuletea juisi ya ukwaju, kisha akazuia hela kwenye kadi yangu, akasema ni amana tu. Nikamtania mke wangu, “Tumewekwa rehani.” Hakucheka.

Sasa, rehani ndilo neno lenyewe. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli kwenye mji mdogo wa Kawa, biashara imedorora, na anadaiwa na Aziz, tajiri wa pwani ambaye mtoto amefundishwa kumwita kwa jina la undugu. Kila Aziz akipita na msafara wake anapikiwa vyakula ambavyo wenye nyumba hawajipikii, na akiondoka anamwachia Yusuf sarafu. Siku moja anaondoka na Yusuf mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona sura inachelewa: mapishi mengi, sarafu nyingi, mtu anasubiri hadithi ianze.

Tulikaa sebuleni saa nne, tumezungukwa na masanduku ya watu. Nikaanza kusoma upya. Mbele yangu mgeni mmoja, mzee mpole kabisa, alimtia kijana wa mizigo noti mkononi, akamkunja vidole mwenyewe, kama unavyompa mtoto. Kijana akatabasamu. Uso wake ulibaki na lile tabasamu mpaka mzee alipogeuka, halafu likaondoka lote kwa mara moja. Nikarudi ukurasa wa sarafu. Jamani, hakuna kinachochelewa pale! Hadithi imeshaanza na deni limeshaanza kulipwa, isipokuwa mtoto hajui ni yeye anayelipia. Mama anapika, baba anachangamka, mgeni anakula, na mwenye mali ndani ya nyumba ile ni mgeni. Kiswahili kinaongeza ladha ambayo Kiingereza hakina, maana kwetu hoteli ni hata kibanda cha chai na chapati.

Usiku tukapewa chumba cha nyuma, juu ya jenereta. Sikulala. Saa kumi na moja alfajiri nikafungua dirisha, nikauona uani: mashuka kwenye kamba, vijana watatu wamelala kwenye mkeka na sare zao, na mtu mzima mmoja anabeba ndoo za maji kuelekea bustanini, taratibu, asimwamshe mtu. Nikashuka. “Shikamoo.” Akaitikia, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia chumba changu kiko upande huu. Akanitazama kidogo, akasema, “Basi wewe umeyaona mengi, mwanangu,” akaendelea kumwagilia.

Bustani ya Aziz naye ina mtunzaji, Mzee Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru wake akaukataa, kwa hoja kwamba hakuna mwenye kumiliki uhuru wa mwenzake hata amgawie. Usomaji wangu wa kwanza nilimpita kama pambo. Kumbe urembo ule wote, kidimbwi, mifereji minne, mikomamanga, umewekwa pale ili umwulize msomaji nani anaubeba. Kama ungekuwa umepunguzwa, nilivyotaka mimi, swali lisingeuma. Hata jina: Paradise ni jina la mahali, lakini Peponi, kwa ile -ni, inataka mtu awe ndani. Nani yumo? (Lamu, pale Shela, kuna hoteli yenye jina hilo hilo.)

Lawama moja nabaki nayo. Amina, aliyechukuliwa kwa deni la baba kama Khalil, kisha akafanywa mke wa Aziz, anapewa nafasi ya kujieleza karibu na mwisho, tena kwa haraka, na nilitaka kukaa naye zaidi. Mke wangu, aliyekuwa akichungulia kurasa begani kwangu, yeye alimwonea huruma yule mke mkubwa, anayeitazama bustani kupitia vioo vilivyotundikwa mitini. “Huyu analala chumba kizuri kuliko wote,” akasema, “na hawezi kuondoka.” Mimi nilikuwa nimemwandika kama kichaa wa hadithi, basi.

Na ule mwisho, Yusuf anapokimbia kuufuata msafara wa askari wa Wajerumani, bado siuelewi sawasawa. Zamani nilisema mwandishi amechoka. Siku ya kuondoka, dada wa mapokezi alimwambia mke wangu kwamba hajafika kwao tangu mkesha wa Krismasi, na kwamba kuna kampuni inatafuta wafanyakazi wa hoteli Dubai, ameshapeleka pasipoti. Mke wangu akamuuliza kama anawajua watu hao. Akasema hapana.

Amana yangu ilirudi tarehe 9 Januari, pungufu ya soda mbili ambazo hatukunywa.