Ustadi wa Kuutawala Moto: Chokaa ya Tororo na Ukubwa wa Punje

Katika kazi ya kuunda vitu vyenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, iwe inafanyika maabarani au kwenye tanuri, ugumu mkubwa hauko katika kuipata maada yenyewe, bali katika kuutawala ukubwa wa punje zake. Kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, ambako Tororo na Busia zimepakana, ukweli huo hudhihirika katika kazi ya kuchoma chokaa, kazi inayostahili sifa nyingi kuliko zile inazopewa.

Mawe ya chokaa ya Tororo, na ya milima ya Osukuru iliyo jirani, hayakutokana na makombe ya bahari kama ilivyo kwa mawe mengi ya aina hiyo, bali na uji wa moto uliopanda kutoka chini ya ardhi na kuganda kuwa mwamba uitwao kabonatiti. Kwa sababu ya asili hiyo, mwamba huo una madini ya fosfeti na ya chuma yaliyochanganyika na kalsiamu kabonati, na ndiyo maana ustadi wa mchomaji huanzia katika kuchagua jiwe kabla hata moto haujawashwa.

Joto linapokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa hulitoka jiwe, hata kilo 100 za kalsiamu kabonati safi zikabaki kilo 56 tu za chokaa kali. Jiwe lililoiva hubaki na umbo lake karibu lilelile, lakini mkononi huwa jepesi, kwa kuwa kila mahali palipotoka hewa pamebaki kitundu. Mawe yakiwa makubwa mno, kiini hubaki kibichi. Yakiwa madogo mno, huziba njia ya hewa na moto hufifia. Joto likizidi kwa muda mrefu, punje hushikamana na kukua, vitundu hufumbika, na chokaa iliyoungua hivyo hukataa maji au huyapokea kwa uvivu, pengine ikaja kupasua lipu ukutani baada ya fundi kuondoka.

Kisha hufuata kuizima, yaani kuimwagia maji mpaka ichemke, ipasuke na kusambaratika. Tendo likienda upesi na kwa joto la kutosha, chembe nyingi huzaliwa kwa wakati mmoja, na kwa kuwa zinagawana kalsiamu ileile, hakuna inayopata nafasi ya kunenepa. Maji baridi yakimwagwa kwa wingi, tendo huzubaa na chembe chache zilizozaliwa hukua. Yakiwa haba, mvuke mkali huzigandanisha punje kuwa madonge. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayomwongoza mwanakemia atengenezaye chembe za nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita: anayetaka chembe ndogo huzianzisha nyingi kwa pamoja, kisha huzinyima muda wa kukua.

Waashi wa pwani ya Waswahili, waliochoma matumbawe juu ya magogo, waliiacha chokaa ikae muda mrefu ikinyeshewa kabla ya kuijengea. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba chokaa iliyolowekwa kwa miezi hupata fuwele ndogo na bapa, ambazo hushika vizuri zaidi. Nchini Italia, wanakemia wa Florence wametengeneza chokaa ya chembe za nanomita ili kuimarisha michoro ya kale ya ukutani, kwa sababu chembe ndogo tu ndizo zinazoweza kupenya vitundu vya ukuta uliochakaa.

Hakuna kidole kinachoweza kuishika punje ya namna hiyo wala kuichonga. Kinachotawaliwa ni moto, maji na muda, na anayejua kuvipima vitatu hivyo kwa jicho na kwa uzito wa jiwe mkononi ana elimu kamili ya maada, inayostahili kuandikwa, kufundishwa katika vyuo vya ufundi vya pande zote mbili za mpaka, na kuheshimiwa sawa na ile ya maabara.