Ukuta Unaotazamana na Mlango

Hapa Sange, mashariki mwa Kongo, jua ni kali, na nyumba nyingi zina sebule ndogo yenye dirisha moja. Mgeni anapovuka kizingiti haoni kitu mpaka macho yazoee giza, na yakishazoea hukutana na ukuta unaotazamana na mlango. Ukuta huo ndio unaotawala chumba. Nasi tunauchosha: kalenda ya mwaka jana, saa, maua ya plastiki, picha za harusi zilizobanana, kila kimoja kikimwita mgeni upande wake.

Wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi, hasa wa miaka ya 1970, waliuelewa ukuta huo kuliko fundi yeyote wa mapambo ninayemjua. Mji wao ulikwisha kuzoea uchoraji. Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake huko mwaka 1946, na ndimo walimotoka Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, mabingwa ambao kazi zao zilinunuliwa zaidi na Wazungu. Wa mitaani walimchorea mtu mwingine: mfanyakazi wa mgodi, wa reli, karani, mwenye sebule kama yangu na yako.

Itazame kazi yenyewe pole pole. Mchoraji alichukua gunia la unga la kitambaa, akalifumua, akalikaza juu ya fremu ya mbao, kisha akalipaka rangi nyeupe ili nyuzi zisizinywe rangi za baadaye. Rangi zake zilikuwa chache na picha haikuwa kubwa. Lakini ilibidi isomeke tangu mlangoni, katika mwanga hafifu, na mtu ambaye bado hajaketi. Kwa hiyo aliweka umbo moja kubwa katikati, akalizungushia mstari ulio wazi, akaacha nyuma yake rangi tulivu ya maji au ya anga. Alijua pia cha kuacha, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mfano wake bora ni mamba muntu, mwanamke nusu samaki aliyeketi ukingoni mwa maji. Nywele ndefu, mkufu shingoni, saa mkononi, nyoka karibu naye, na macho yanayomkabili moja kwa moja anayeingia. Watu walimhusisha na utajiri, utajiri wenye masharti yake, na mgeni aliyemwona hakukosa la kusema. Picha nyingine iliyopendwa ilionyesha enzi ya Ubelgiji: bendera ya buluu yenye nyota ya manjano, ofisa Mzungu amesimama, askari ameinua kiboko, mfungwa amelazwa chini. Nguo za wafungwa zilikuwa na milia, na milia hiyo hulivuta jicho kabla hujajua unatazama nini. Ukishajua, huwezi tena kugeuka.

Mchoraji yule yule aliirudia picha moja mara nyingi, akibadilisha kidogo hapa na pale kwa kila mnunuzi. Wapo wanaodharau jambo hilo. Mimi naona ndiko mkono ulikopata uhakika wake.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zipatazo 100, na kila moja akamsimulia kwa Kiswahili mtafiti Johannes Fabian, aliyezichapisha katika kitabu mwaka 1996. Leo picha hizo ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Tshibumba mwenyewe habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye sebule, kwa upande wao, walianza kumwondoa mamba muntu ukutani, wengi kwa sababu ya mafundisho ya makanisa ya uamsho.

Siwaombi watu wa Sange wamrudishe. Lakini tunalo la kuweka ukutani. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, likawaka moto. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwamo waliokuwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Watoto waliozaliwa baada ya siku ile sasa ni vijana.

Wachoraji tunao. Ndio wanaoandika vibao vya maduka na vya vinyozi, na mstari wao ni imara. Wewe unayejenga au unayepaka nyumba rangi mwaka huu, shusha kalenda, uache ukuta wa mbele mtupu, kisha nenda kwa mmoja wao. Mpe kitambaa, mweleze unachotaka wajukuu wako wakuulize, na umlipe bei ya haki.