"Kuku Zangu": Mapenzi na Umiliki katika Hadithi Mbili za Clarice Lispector

Sarufi ya Kiswahili ina jambo moja ambalo sisi walimu hulipita upesi darasani, nalo ni ile tabia ya majina ya viumbe wenye uhai kukataa kutulia katika ngeli moja. Mtu akiwa na kuku mmoja husema "kuku wangu amepotea", lakini wakiwa wengi, msemaji wa kawaida husema "kuku zangu wamepotea". Kitenzi kimewafuata wenye uhai; kimilikishi kimebaki nyuma na majina yasiyo na uhai. Wako wanaokaza "kuku wangu" hata katika wingi, na sina ugomvi nao hapa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba "zangu" hii ndiyo ile ile ya "ndugu zangu" na "rafiki zangu", na ndiyo pia ya "sufuria zangu" na "nyumba zangu". Kuku amewekwa katikati, jamaa upande huu na vyombo upande ule.

Nimeanza na sarufi kwa sababu hadithi mbili fupi ninazokusudia kuzihakiki zinakaa papo hapo. Mwandishi wake ni Clarice Lispector, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1920, akalelewa kaskazini-mashariki mwa Brazil, na kufariki Rio de Janeiro mwaka 1977. Ya kwanza, "Uma galinha", yaani "Kuku", imo katika mkusanyiko wa Laços de família wa 1960. Ya pili, "Uma história de tanto amor", ambayo nitaiita "Hadithi ya Mapenzi Mengi", imo katika Felicidade clandestina wa 1971.

Kisa cha "Uma galinha" ni chepesi. Kuku amewekwa kwa chakula cha mchana wa Jumapili. Tangu Jumamosi yumo pembeni mwa jiko na hakuna amtazamaye. Hata walipomchagua walimpapasa tu, wasijue kama amenona au amekonda. Ghafla anaruka ukutani, kisha juu ya paa. Baba wa nyumba, akikumbuka kwamba anahitaji mazoezi na kwamba anahitaji pia kula, anavaa kaptura ya kuogelea na kumfukuza juu ya vigae, paa hata paa, mpaka anamkamata na kumrudisha jikoni kwa kumshika bawa moja. Pale sakafuni, kwa mshtuko, kuku anataga yai. Binti mdogo anayaona hayo. Anamlilia mama yake asimuue, kwani kuku aliyewatagia yai anawatakia mema. Baba anaapa kwamba kuku huyu akiuawa, yeye hatakula kuku tena maishani. Binti naye anaapa. Mama, aliyechoka, anainua mabega. Basi kuku anakuwa malkia wa nyumba, jambo ambalo wote wanalijua isipokuwa yeye mwenyewe. Mwishoni, bila maelezo yoyote, analiwa kama alivyokusudiwa kuliwa Jumapili ile ya kwanza.

Usomaji uliozoeleka humgeuza kuku huyu kuwa mwanamke: ananyamaza, anafukuzwa, anathaminiwa kwa uzazi wake tu, kisha anasahauliwa. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, semina yetu juu ya hadithi hii ilikwisha bila mtu kutamka neno moja juu ya manyoya, mavi wala mtama. Siupuuzi usomaji huo, maana Lispector mwenyewe ameuwekea msingi. Yule mama aliyechoka hakuwekwa pale bure. Lakini una gharama yake. Ukishasema kuku ni mwanamke, huna haja tena ya kueleza kwa nini mtoto alilia. Kilio chake kinakuwa ujinga wa asiyejua ishara. Uhakiki wetu wa Kiswahili una mazoea hayo hayo: mnyama akiingia tu hadithini, twamtafuta mtawala au mnyonge aliyejificha ndani ya ngozi. Sungura na fisi wametudekeza.

Tumsome basi kuku kama kuku. Methali yetu yasema kuku mwenye watoto halengwi jiwe, na ndiyo sheria hasa inayomwokoa kuku wa Lispector. Baba anajilaumu, mara kwa mara, kwa kumkimbiza akiwa katika hali ile. Lakini tuitazame methali kwa makini. Haisemi kwamba kuku asipigwe. Yasema mwenye watoto. Kinga ni ya vifaranga, naye mama yao anapewa kwa muda tu, mpaka wakue. Familia ile ilimpenda kuku kwa sababu ya tukio, na tukio huchakaa. Lispector ameliona hilo mapema: anatuambia kwamba faida ya kuku ni kuwa wako wengi mno, hata mmoja akifa mwingine hutokea papo hapo, akifanana naye kana kwamba ndiye yeye. Asiye na jina hawezi kuombolezwa, na katika hadithi hii nzima kuku hapewi jina.

Katika "Hadithi ya Mapenzi Mengi" majina yapo, na kila kitu kinabadilika. Msichana ana kuku wawili, Pedrina na Petronilha. Anawajua tabia zao, anawanusa chini ya mabawa, na akishuku kwamba ini lao lina ugonjwa anamwomba shangazi yake dawa na kuwapa. Sisi tungesema anafuga kuku, lakini kitenzi hicho hakitoshi. Tunafuga kuku wa mayai na tunafuga kasuku. Msichana huyu analea. Siku moja, yeye akiwa hayupo, jamaa zake wanampika Petronilha. Aliporudi anajaa chuki. Mama anamtuliza kwa fikra ya ajabu: kwamba tukimla mnyama anazidi kufanana nasi, kwa kuwa yumo ndani yetu, na kwamba katika nyumba ile ni wao wawili tu, mama na binti, wasio na Petronilha ndani yao. Pedrina anakufa kwa maradhi. Kisha anakuja Eponina, na siku ya kupikwa kwake, katika mchuzi wa damu yake mwenyewe, msichana anakula kuliko wote, na anawaonea wivu wengine wanaokula.

Msomaji wa Ulaya huenda akashtuka. Msomaji wa Magharibi mwa Kenya ana sababu ya kusimama mahali pengine. Katika jamii za Waluhya, desturi ya zamani ilimkataza mwanamke kula kuku, na firigisi ikawa heshima ya mwanamume. Aliyewaatamisha, akawafungulia alfajiri na kuwafungia jioni, ndiye asiyeonja. Kwa kawaida tunaieleza desturi hiyo kuwa dhuluma ya mgawanyo wa chakula, na ni kweli. Lakini maneno ya mama yule wa Brazil yanaifungulia mlango wa pili: ni wao wawili tu waliobaki bila. Kwake yeye, asiyekula ametengwa na kuku hata baada ya kifo, na huruma yake kwa binti ni kumwalika mezani. Sijasoma hadithi ya Kiswahili iliyothubutu kuuliza mama zetu walikuwa wakiwaza nini walipomsikia kuku waliyemlea akisifiwa utamu na wageni.

Hadithi hii ina dosari, nayo iko mwishoni. Msimulizi anatuambia kwamba msichana aliumbwa kupenda, mpaka akawa mwanamwali na wanaume wakatokea. Kwa kauli hiyo Eponina anageuka kuwa mazoezi ya mapenzi mengine. Ni kosa lile lile la semina, ila safari hii ni la mwandishi. "Uma galinha", ijapokuwa kuku wake hana jina, haimtumii hivyo.

Limebaki suala la tafsiri. Kireno kina kitenzi kimoja, matar, kwa kilio cha binti na kwa tendo la mwisho. Kiswahili hakimpi mfasiri faraja hiyo: kuna -ua na kuna -chinja. Anayechinja hashitakiwi, anayeua hushitakiwa. Binti lazima aseme -ua, maana kwake kuku amekwisha kuwa jamaa. Baba akiapa, naye aseme -ua. Katika sentensi ya mwisho ningeandika -chinja, kwa wakati wa -ka-, ambao hupanga mambo kama shanga bila kuonyesha lililo zito. Mwandishi ameficha siku ambayo kuku alirudishwa kutoka kwa jamaa hadi kwa vyombo. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuitia alama, kwa kitenzi kimoja.