Dini ya Waelfi wa Theluji: Ibada Iliyogeuzwa Ufunguo

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuletewa habari za mila za watu walio hai, au za watu wa kale walioacha makaburi na nyimbo. Leo twaomba ruhusa kuleta habari ya dini ya watu wasiopata kuwako kamwe. Dini hiyo ilibuniwa huko Marekani na watengenezaji wa mchezo wa kompyuta, nasi tusingaliishughulikia kama si kwa sababu mbili. Ya kwanza, kijana anayeucheza mchezo huo huipitia ibada yake hatua kwa hatua, kana kwamba kwa mikono yake mwenyewe, jambo asilolifanya asomapo kitabu cha hadithi. Ya pili, mtu abuniye dini huonyesha, apende asipende, anavyodhani dini ni kitu gani. Hilo la pili ndilo tutakalolipima.

Mchezo wenyewe waitwa The Elder Scrolls V: Skyrim. Ulitengenezwa na Bethesda Game Studios, ukatolewa tarehe 11 Novemba 2011, na nyongeza yake iitwayo Dawnguard ikafuata mwaka 2012. Ndani yake mchezaji huongoza msafiri mmoja katika nchi ya milima na theluji, akutane na watu, apigane, tena atafute hazina.

Kwanza tuseme juu ya neno. Lugha za Ulaya ya Kaskazini zina jina la viumbe wa hadithi wenye sura ya watu, umri mrefu na masikio yaliyochongoka. Kiswahili hakina jina lao. “Jini” halifai, maana jini huonekana na kutoweka, tena humpanda mtu kichwani. Bali hawa huzaliwa, hujenga, hupigana na kufa kama sisi. “Malaika” halifai zaidi. Basi twaandika Waelfi, na mmoja wao Mwelfi, tukiwaonya wasomaji wasilichanganye jina hili na elfu ya hesabu.

Habari za kabila hili ni za huzuni. Waelfi wa Theluji, waitwao pia Falmer, walikaa Skyrim kabla ya Wanordi kuja kutoka ng'ambo. Waelfi waliuangamiza mji wa Wanordi uitwao Saarthal. Kisha Ysgramor akarudi na wenzi wake mia tano, akawavunja kabisa. Waliosalia walikimbilia kwa Wadwemeri, waliokaa katika miji iliyochimbwa chini ya ardhi. Hao waliwapokea kwa sharti moja: wale uyoga wenye sumu ipofushayo macho. Wakala, wakawa vipofu. Kisha wakafanywa watumwa. Na vizazi vingi vilipopita wakawa viumbe wakali wa mapangoni, walioisahau imani ya baba zao.

Atakayechunguza desturi yampasa kuuliza kwanza: nani asemaye? Katika nyongeza ya mchezo wa zamani zaidi, iitwayo Bloodmoon, ya mwaka 2003, mlikuwamo kitabu kisimulizicho kufa kwa Mwana wa Mfalme wa Theluji, na msimulizi alikuwa katika upande wa adui zake. Mwaka 2011 wakatokea hawa vipofu wa mapangoni, wasioweza kujieleza; habari zao zaandikwa na mgeni. Mpaka mwaka 2012 ndipo Mwelfi wa Theluji mzima alipofunua kinywa chake. Jina lake ni Gelebor, askari mlinzi wa hekalu. Kwa hiyo karibu yote tuyajuayo juu ya dini hii yatoka kwa shahidi mmoja, naye ni mtu wa hekaluni. Yeyote aliyepata kukusanya mila kutoka kwa mzee mmoja wa kijiji anajua faida ya ushahidi wa namna hiyo, na anajua hatari yake.

Gelebor asema kwamba watu wake waliabudu miungu kadha wa kadha: Trinimac, Syrabane, Jephre, Phynaster, na juu yao Auri-El, mfalme wa miungu na bwana wa jua. Huyu Auri-El hujulikana kwa mataifa mengine ya nchi hizo kwa majina mengine; watu wa Dola humwita Akatosh, na watu wenye sura ya paka humwita Alkosh. Hapa watungaji wamefanya vema. Wamejua kwamba jina la Mungu likihama kutoka lugha hata lugha halihami peke yake, bali huacha baadhi ya mambo nyuma na kuokota mengine njiani. Kila mfasiri wa vitabu vya dini amelionja jambo hilo.

Ibada kuu ya Auri-El yafanyika katika bonde lililofichwa kati ya milima. Mwanafunzi wa ibada, ambaye kwetu tungemwita mwari, hupewa birika tupu. Hupita vituo vitano, navyo ni Nuru, Kuona, Kujifunza, Uthabiti na Mng'ao. Katika kila kituo hukaa kasisi, na mwari huteka maji kwa birika lake. Likiisha kujaa, hulichukua mpaka mlango wa hekalu kuu, na hapo huyamwaga maji yote katika bakuli la mawe. Ndipo mlango hufunguka, aingie kuonana na kasisi mkuu.

Mchezaji aweza kumwuliza Gelebor: taabu yote hiyo, kisha maji yamwagwe tu? Naye hujibu kwamba jambo hilo ni ishara. Twasema bila kusita kwamba hapa ndipo penye uzuri wa dini hii. Mtu aliyepanda mlima na kuvuka barafu kwa ajili ya maji yale hakuyanywa wala hakuyauza, aliyatoa. Aliyebuni jambo hili alifahamu kwamba sadaka hupimwa kwa njia iliyopitwa na mtoaji, si kwa bei ya kitu.

Walakini mchezo huo huo waiharibu ishara yake. Wakati wa habari hizi hekalu limekwisha kuangamia, na makasisi wa vituoni ni vivuli vya wafu. Kila kivuli humwita msafiri mwari, humwuliza kama yu tayari kuishika njia ya Auri-El, naye msafiri hujibu ndiyo. Lakini msafiri si mwari. Amekuja kutafuta upinde wa Auri-El, silaha yenye nguvu za jua, na birika ni njia ya kuupata. Hata kama mchezaji amechagua kuwa mnyonya damu, adui wa jua lenyewe, kivuli humpokea vile vile, maji huja vile vile, na mlango hufunguka vile vile. Hivyo ibada imegeuzwa ufunguo. Atakayeuzungusha sawasawa ataingia, awe mwenye imani, awe mwivi.

Wako watakaosema kwamba mashine haiwezi kuuona moyo wa mtu. Ni kweli, wala hatuidai ione. Mwalimu wa ubatizo naye hauoni moyo wa mwanafunzi wake. Lakini humkawiza, humwuliza tena, na pengine humrudisha nyumbani. Mtungaji angaliweza kumweka kasisi mmoja tu wa kukataa, au kituo kimoja cha kungoja. Hakufanya hivyo, na kosa hili si la mashine.

Upungufu wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza. Katika dini hii mna makasisi, lakini hamna watu. Hatuambiwi mama Mwelfi alimwimbia nini mtoto wake, wala walimzikaje maiti, wala walikula nini siku ya sikukuu, wala mkulima aliomba namna gani theluji ilipochelewa kuyeyuka. Msomaji wetu aliyepata kuona vijana wakirudi kutoka jandoni anajua kwamba mwari haendi peke yake: ana kungwi wake na wenzake wa rika, na siku ya kutoka kijiji kizima humngoja kwa ngoma na vigelegele. Mwari wa Auri-El alikwenda kwa nani alipotoka hekaluni? Mchezo hausemi. Hekalu lasimama kama nyumba iliyojengwa dari bila kuta.

Hata hivyo haifai kumhukumu mtungaji kwa upungufu wake tu, maana mwisho wa habari hii una jambo zito. Ndani ya hekalu msafiri amkuta kasisi mkuu, Vyrthur, ndugu yake Gelebor. Miaka mingi Gelebor aliamini kwamba wale vipofu walilivamia hekalu na kumharibu ndugu yake. Sivyo. Vyrthur aliambukizwa na mmoja wa wari wake mwenyewe, akawa mnyonya damu. Akaona kwamba Auri-El amempa kisogo, akaapa kulipiza kisasi. Ndiye aliyetunga ule unabii wa kulifunika jua giza, na karne nyingi amekuwa akingoja damu ya kuutimiza. Huyu si mtu asiyeamini. Hakuna katika habari hii amwaminiye mungu wake kwa uchungu kuliko yeye. Makasisi watamtambua. Mtu aonaye kwamba ameachwa na Mungu mara nyingi haendi mbali. Hukaa papo hapo mlangoni, akiwa na hasira.

Vyrthur akiisha kuuawa, Gelebor hahesabu ushindi. Afurahi kwa neno moja tu, kwamba wale vipofu hawakuwa na hatia ya mambo yale. Basi labda siku moja watayaweka mbali machukio yao na kurudi kumwamini Auri-El. Tulifikiri neno hili. Watu wa mungu wa jua wamepofushwa, nao wakaa gizani. Na mlinzi wa mwisho wa hekalu, asiye na mkutano wa kumwitikia, angali akiwahesabu kuwa ndugu. Katika habari yote hapana neno la dini kuliko hilo.

Na hapo ndipo mchezo unapomwacha mkono. Msafiri amekwisha kuwaua wale vipofu kwa makumi njiani, na baadaye atawaua tena, maana hakuwekewa tendo lingine la kuwatendea. Hakuna neno la kujifunza katika lugha yao, wala dawa, wala mmoja wa kumshika mkono na kumtoa nje. Tumaini lasemwa kwa kinywa, na mkononi umetiwa upanga. Twaona kwamba hili ndilo kosa kubwa la kazi hii, na lahuzunisha zaidi kwa sababu mtungaji aliukaribia sana wema.

Je, mwalimu afanye nini na kijana aliyecheza mchezo huu? Wengine huogopa kwamba atafundishwa kuabudu miungu ya uongo. Sisi hatuoni hatari hiyo kuwa kubwa. Hatumjui kijana atakayemwomba Auri-El mvua. Hatari iliyopo ni ndogo kwa sura, nayo ni kuzoea kudhani kwamba ibada ni kazi ya mtu mmoja, afanyayo upesi, ili mlango ufunguke. Mawazo hayo hayakutoka Marekani tu. Huonekana hata katika makanisa yetu, kwa watu wasiojua kompyuta ni nini.

Basi kuliko kumkataza, na amwulize mambo mawili. Uliyamwaga maji yale kwa ajili ya nani? Na wale vipofu uliowaua, Gelebor aliwaita nani? Kijana atakayetafuta majibu yake kwa kweli atakuwa ameupita mchezo wenyewe, na pengine ataliona birika lake mwenyewe lilivyo tupu.