Vitabu vya Watu wa Ziwa katika Meza ya Mchungaji

1. Swali linalotupasa kuulizana

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee joho alilokuwa ameliacha Troa kwa Karpo, na pamoja na joho hilo vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Tim. 4:13). Wafafanuzi wamejadiliana sana juu ya vitabu hivyo vilikuwa vipi. Sisi twatosheka na jambo moja lililo wazi: mtumishi huyu, ambaye katika sura iyo hiyo anajiweka tayari kufa, hakujiona kuwa amekwisha kuhitimu kusoma.

Ni vema basi watumishi wa Neno waulizane mara kwa mara: Ndugu, siku hizi unasoma nini? Sisi tunaosoma pamoja hapa Kiseke, wilayani Ilemela, baadhi yetu wachungaji na baadhi wanafunzi wa theolojia, tuliulizana hivyo, na majibu yalikaribia kufanana. Biblia ilitajwa kwanza, kama ipasavyo. Vikafuata vitabu vya ufafanuzi wa Maandiko, vingi vyao vya Kiingereza, kisha vijitabu vya uongozi na vya mafanikio. Riwaya iliyoandikwa na mwana wa Ziwa hili ilitajwa mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba kusoma hadithi ni kumwibia Bwana muda wake.

Makala haya yanakusudia kuiondoa aibu hiyo. Tunapendekeza vitabu vitatu, na kimoja kati yake tutakipima kwa kirefu. Dai letu ni hili: mchungaji wa pande hizi asiyeisoma riwaya ya Aniceti Kitereza amekipita kitabu cha malezi ya kichungaji kilichoandikwa mlangoni pake, juu ya jambo linalomwendea kila juma, yaani ndoa isiyojaliwa mtoto.

2. Mwandishi na riwaya yake

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ambako mtu wa Kiseke hufika kwa kushuka bandarini Mwanza na kupanda meli iendayo Nansio. Alisoma katika seminari ya Kikatoliki ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa. Riwaya yake aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, lakini hakupata mchapishaji. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu kalamu iwekwe chini. Mwandishi alifariki mwaka 1981, bila kukishika mkononi kitabu chake kilichochapwa. Tangu hapo kimefasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwana mwingine wa Ukerewe. Hivyo wageni wanakisoma. Yafaa wenyeji nao wakisome.

Kiini cha hadithi ni chepesi kukieleza. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamlaumu mke kwa utasa. Wazazi wa Bugonoka hawavumilii binti yao adhalilishwe, wanamchukua na kumrudisha kwao. Katika desturi ya wakati ule mume alikuwa na njia rahisi iliyo wazi, nayo ni kuoa mwingine. Myombekere haifuati. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaitafuta na kuilipa, na mkewe anarudi. Hatimaye wanafika kwa Kibuguma, mjuzi wa dawa, na baada ya matibabu wanajaliwa mwana, Ntulanalwo, na kisha binti, Bulihwali. Sehemu inayobaki inafuata maisha ya watoto hao.

3. Wepesi na uzito wa kitabu

Msomaji atakayekifungua kitabu hiki akitafuta mkasa wa haraka atachoka. Kitereza hapiti nyumba bila kueleza jinsi ilivyojengwa, wala hamkaribishi mgeni bila kutuketisha pamoja naye mpaka maamkizi yaishe. Kilimo, uvuvi, dawa, adabu za ukweni, vyote vinaelezwa hatua kwa hatua. Wahakiki wengine wameona kwamba huu ni mkusanyiko wa mila uliovikwa vazi la hadithi. Lawama hiyo ina ukweli: zipo kurasa ambamo wahusika wanasimama kando ili desturi ielezwe, na mtungaji mwingine angezipunguza.

Hata hivyo, mahali pamoja polepole hiyo ndiyo maana yenyewe. Tunasema juu ya faini ya pombe. Hatuandiki kusifu pombe; tunatazama kazi inayodaiwa. Pombe ya ndizi haipatikani kwa siku moja. Ndizi huvundikwa siku kadhaa ziive, ndipo hukamuliwa, na maji yake huchanganywa na nafaka na kuachwa yachachuke. Mtu hawezi kuifanya peke yake. Hana budi kuwaendea rafiki na majirani. Kwa hiyo wakwe hawakumtoza Myombekere mali tu. Walimtoza muda, jasho na unyenyekevu wa kuomba msaada, na kijiji kizima kikajua kwamba mtu huyu anamtaka mke wake. Upatanisho ukawa na mashahidi kabla haujatamkwa.

Tulipofika hapo katika kusoma, tulilinganisha na desturi yetu wenyewe. Wanandoa waliotengana huitwa ofisini kwa mchungaji alasiri moja. Wazee wa Kanisa huketi, pande zote husikilizwa, Neno husomwa, sala huombwa, nao huambiwa waende kwa amani. Mara nyingi hawafiki mbali. Si kwamba Neno halina nguvu. Ni kwamba hatukuwapa muda wala kazi ambayo ndani yake msamaha ungeweza kukomaa. Kitereza hakuandika mahubiri, lakini katika jambo hili anatufundisha.

4. Kasoro iliyo kubwa zaidi

Iko kasoro nyingine ambayo si ya mtindo, nayo yatupasa kuisema wazi. Riwaya inalijibu swali la utasa kwa kuleta mtoto. Msomaji anafurahi pamoja na Bugonoka, na furaha hiyo ni halali. Lakini je, yule dada katika usharika wetu ambaye ametibiwa, ameombewa, amefunga, miaka imepita, naye hakujaliwa? Kwake sehemu ya pili ya kitabu yaweza kuwa mlango uliofungwa usoni pake.

Tukimlaumu Kitereza kwa hilo, tujihadhari, kwa maana sisi wahubiri tunafanya vivyo hivyo. Sara alipata mwana, na Rebeka, na Raheli, na Hana, na Elisabeti. Kila tuhubiripo juu ya mmoja wao huharakia kuzaliwa kwa mtoto, kisha tunasema, ngojeni nanyi mtapewa. Maandiko hayakumwahidi kila mke mwana. Ahadi hiyo tunaiongeza wenyewe mimbarani, na asiyepewa huondoka akiwa na mizigo miwili: utasa, na shaka kwamba imani yake ni pungufu.

Hapa ndipo riwaya inapotusaidia kinyume cha mwisho wake. Tendo lake kuu limo katika sehemu ya kwanza, kabla ya dawa ya Kibuguma. Myombekere alipokwenda ukweni hakuwa na ahadi yoyote ya mtoto. Alimfuata Bugonoka kwa ajili ya Bugonoka. Msomaji wa Biblia atamkumbuka hapo Elkana, ambaye Hana alipokuwa akilia, na kabla Samweli hajaahidiwa, alimpa sehemu ya pekee kwa kuwa alimpenda, akajaribu kumwonyesha kwamba yeye mwenyewe ni wake (1 Sam. 1:4-8). Wahubiri wengi hulipita neno la Elkana upesi ili wafike hekaluni. Baada ya kumsoma Kitereza, sisi twaona kwamba yako mahubiri mazima katika aya hizo tano. Ndoa ni ndoa hata pasipo mtoto, na mume anayekaa upande wa mkewe mbele ya jamaa zake anatenda jambo la Kikristo, hata kama aliyetuonyesha mfano huo ni mhusika aliyeishi kabla Injili haijafika kisiwani.

Pamoja na hayo, mchungaji asome sehemu ya Kibuguma kwa akili iliyo macho. Wakristo wetu wengi huwaendea waganga usiku na kuja kanisani asubuhi, nasi hatuwaulizi kitu kwa kuwa hatujui tuulize nini. Kitereza anaeleza uganga bila hofu na bila kejeli, na hivyo anatupa nafasi ya kupambanua: ipi ni elimu ya mizizi na majani, na ipi ni ramli inayomtafutia mgonjwa adui. Tukumbuke pia kile ambacho hospitali zetu zinafundisha, kwamba sababu ya kutopata mtoto yaweza kuwa kwa mume sawasawa na kwa mke. Mchungaji anayewashauri wote wawili waende kupimwa amekwisha kumwondolea mke nusu ya lawama.

5. Vitabu viwili vya kuisindikiza

Kitabu cha pili tunachokipendekeza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Huyu naye ni mzaliwa wa Ukerewe, wa Namagondo, aliyesoma seminari ya Nyegezi hapa Mwanza, akafariki mwaka 2020. Kwa muda riwaya hii ilizuiwa mashuleni kwa kusema waziwazi mambo ya mwili. Baadaye ikaja kusomeshwa. Rosa analelewa na baba mkali na mlevi, Zakaria, anayemlinda kwa fimbo badala ya maneno. Anapotoka chini ya mkono huo hana silaha nyingine, anaanguka, na mchumba aliyemtumaini anamwacha kwa kuwa si bikira. Anajiua. Mwishoni Kezilahabi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimshitaki mwenzake.

Kwa maoni yetu kitabu hiki ni kikali kuliko kile cha Kitereza na kina huruma kidogo. Wanaume wake wengi ni wawindaji tu. Lakini mchungaji anayeshughulika na marudi ya Kanisa akisome kabla ya kumtenga msichana mwingine aliyepata mimba. Atajiuliza Zakaria wa msichana huyo yuko wapi, na kwa nini jina lake halimo katika orodha ya waliotengwa.

Cha tatu si hadithi. Ni Church, Clan and the World cha Josiah Kibira, kilichochapwa mwaka 1974. Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1988, alikuwa Askofu wa Kilutheri huko Bukoba, na kuanzia mwaka 1977 hadi 1984 Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Swali lake ni jinsi Kanisa linavyohusiana na ukoo. Lugha yake ni ya kitaaluma na wakati mwingine ni kavu, lakini swali hilo ndilo lililomsumbua Myombekere: nani mwenye kauli ya mwisho juu ya nyumba yangu? Hapa Kiseke, ambako Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wakurya wanapakana uzio kwa uzio, shangazi na mjomba wako mbali, lakini sauti zao hufika kwa simu kila jioni kuuliza habari za mtoto. Ikiwa Kanisa halitakuwa ukoo kwa wenzi hao, basi litakuwa jengo la Jumapili tu.

6. Jibu kwa wanaopinga, na mapendekezo

Wako watakaosema kwamba mchungaji hana muda, na kwamba kitabu kisichomtaja Kristo hakimfai. Luther hakuona hivyo. Katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani aliwashauri wafungue shule na maktaba, na katika vitabu vya kuwekwa humo alitaja vya washairi na wasemaji, wawe wapagani au Wakristo, pamoja na tarehe na historia. Mwaka 1530 akiwa Coburg, wakati mambo ya Kanisa yakiamuliwa Augsburg, alikaa akifasiri hadithi za Esopo. Aidha, yeye huyo alionya mwaka 1520 kwamba wingi wa vitabu haumfanyi mtu awe mwenye elimu. Afadhali vichache vilivyo bora, visomwe mara nyingi.

Kwa shauri hilo la mwisho twapendekeza yafuatayo. Kitereza asomwe kwanza, na asomwe na watu kadhaa pamoja, kwa kuwa nakala ni chache na kitabu ni kirefu. Sura moja kwa juma yatosha. Kila atakayefika mahali Bugonoka anaporudi nyumbani afunge kitabu hapo kwa majuma mawili, na katika muda huo awatembelee wenzi wasio na mtoto katika usharika wake, bila mafuta ya kuombea na bila unabii, aketi tu na kuamkiana nao kama watu wa kitabuni wanavyoamkiana. Kezilahabi afuate, kisha Kibira. Vyuo vyetu navyo vitafute nakala za riwaya hizi na kuziweka katika rafu ya malezi ya kichungaji, mahali mwanafunzi atakapozikuta siku ile anapoandaa hotuba yake ya kwanza ya ndoa.